Nyuki Hawaitwi

Mume wangu Nikolaus alipobatizwa, muda mfupi baada ya vita vya Hitla, aliacha kutambikia mizinga. Baba yake na babu yake, kabla ya kutundika mzinga, walimwaga chini ya mti unga wa mtama uliokorogwa kwa maji, wakawaomba wazee waliokufa walete nyuki. Nikolaus aliweka ishara ya msalaba kwenye shina, akasali, akapanda na kamba yake.

Msitu wetu ulikuwa upande wa Kaliua. Njia ya zamani ya misafara ya Ujiji ilipita katikati yake, imebonyea kama mfereji kwa miguu ya wapagazi, na miti ya kutundikia mizinga ilisimama kandokando.

Msimu wa kwanza hakuna nyuki aliyeingia. Wa pili vilevile. Ng'ambo ya kijito, mizinga ya kaka yake Lugembe ilijaa asali. Msitu ulikuwa wa ukoo, na Lugembe ndiye mkubwa. Alikuja nyumbani, akanywa togwa, kisha akasema bila hasira kwamba miombo ikichanua tena na mizinga ikiwa mitupu, Nikolaus atatambika kama wenzake, au atampisha mwingine msituni. Akanigeukia.

"Shemeji, huyo Mungu wenu asali haipendi?"

Nilicheka, maana Lugembe anajua kuchekesha. Lakini mashamba yetu ni mchanga mtupu. Bila msitu tungeishi kwa nini?

Nikolaus aliniambia kwamba katika sala moyo wake umepewa neno: nyuki watakuja. Nilimwamini. Lakini kila baada ya siku chache alikwenda kupanda miti. Alifungua kila mzinga, akachungulia, akafuta utando wa buibui, akapaka nta upya, akarudi nyumbani.

Nimelelewa na warina asali. Nyuki hutuma wapelelezi kwanza, wachache, waje kuikagua nyumba. Wakikuta harufu ya jasho la mtu, hupita. Nikolaus alilijua hilo kuliko mimi, ila hofu ilimsahaulisha.

Jioni moja nikamwambia, "Baba Josepha, umemwomba Mungu, halafu unapanda kila mara kumchungulia. Nyuki wataingiaje nyumba ambayo wewe hujatoka?"

 Akauliza, "Na nikingoja, wasije?"

"Tutakuwa tumemngoja Yeye."

Kesho yake aliitundika kamba yake ya kupandia ndani ya nyumba. Miombo ikatoa majani mekundu, kisha maua, na msitu wote ukanukia. Nikolaus alilima matuta ya mihogo akiupa msitu mgongo. Tulisali asubuhi na jioni kwa maneno machache, kwa sababu mengine yalikuwa yamekwisha.

Lugembe akaja kama alivyosema, amebeba unga wa mtama. Tukaifuata njia ya misafara sote watatu. Mti wa kwanza, kimya. Wa pili, kimya. Kila tulipofika Lugembe alitazama juu, akamtazama mdogo wake, akaendelea. Chini ya mti wa mwisho alianza kufungua unga.

Ndipo tukasikia mvumo nyuma yetu, kama gari moshi la mbali, nako reli iko mbali mno kusikika pale. Kivuli kikaja juu ya njia. Kundi la nyuki lilikuwa linafuata njia ile ile ya wapagazi, juu kidogo ya vichwa vyetu. Tulichutama. Likatupita bila kumgusa mtu, likauzunguka mti, likaanza kuingia mzingani. Waliingia, wakaingia, mpaka hewa ikabaki tupu.

Nikolaus alilaza sikio kwenye shina. Nami nikalaza langu upande wa pili. Mti wote ulikuwa unanguruma polepole, kutoka juu hadi mizizini. Nilitaka kusali, nikakosa pa kuanzia. Niliogopa, na sikutaka kuondoka.

"Ni mzinga mmoja tu," alisema Lugembe, lakini kwa sauti ya mtu aliye karibu na mtoto aliyelala. Kisha naye akasogea, akaweka sikio. Alikaa hapo muda mrefu.

"Na mingine?" aliuliza.

"Tutangoja, kaka."

"Basi ngojeni. Msitu hauendi popote."

Akaufunga tena unga wake, akaondoka akinyata, asiwashtue.