Dawati la Baba

Baba yao alikuwa mwandishi wa barua za watu. Wasiojua kusoma walimjia na mambo yao, naye akayaweka kwenye karatasi. Kabla hajafariki alimwambia dada yake neno moja tu kuhusu vitu vyake: dawati apewe kitinda mimba.

Kitinda mimba huyo, muuguzi, alisubiri msiba upoe, kisha akaja na mtu wa mkokoteni nyumbani kwa kaka yake. Kaka alikuwa fundi cherehani. Ndiye aliyemtunza mzee hadi mwisho, na miaka yote hiyo alikatia vitambaa juu ya ile meza kubwa ya sebuleni. Alipoona mkokoteni aliisogelea meza. Alianza kuondoa mkasi, chaki na suruali ya mteja, akaviweka sakafuni kimoja kimoja. Roho ilimuuma muuguzi, lakini angefanyaje, na mzee keshasema?

Shangazi akatoka jikoni, akauliza meza inahamia wapi. Alipoelezwa, alikaa chini akacheka mpaka machozi yakamtoka.

"Hii kaka yangu aliiita meza siku zote," alisema. "Enzi zetu dawati lilikuwa kisanduku cha kuwekea wino na kalamu. Neno lenyewe limetoka kwenye Kiarabu, na huko ni kidau cha wino. Hizi meza zenu za kuandikia zimerithi jina tu."

Akaingia chumbani, akarudi na kisanduku cha mbao alichokikumbatia kwa mkono mmoja. Mtu wa mkokoteni alikitazama, akauliza kwa upole kama akifunge kamba kisianguke.

"Meza chukua tu, mdogo wangu," alisema fundi. "Mimi nitakatia hata kitandani."

Muuguzi akapitisha kiganja pale mbao ilipolainishwa na viwiko vya mzee, kisha kwenye mistari ya chaki. "Hapana, kaka. Kazi yako iko hapa."

Akafungua kisanduku. Wino ulikuwa umekauka. Palikuwa na kalamu fupi iliyotafunwa ncha ya juu, na meno yalikuwa yake mwenyewe, ya siku zile baba alipomshika mkono akimfundisha kuandika jina. Alikuwa hajalia tangu mazishi. Sasa alilia. Kaka yake akamkatia kipande cha kitambaa kipya afutie uso, akamvutia kiti, wakakaa pamoja mpaka shangazi alipowaita kula.