Mtambo Uliofungiwa Kabatini

Ofisini kwetu mtandao ulikuwa na watu wake wa kupenda. Kwa bosi ulifika, mapokezi ulifika, ila kwangu masjala, chumba cha mwisho kabisa, ulichungulia tu na kuondoka. Wenzangu walibeba kompyuta mpaka dirisha la chooni ili watume barua pepe, na mhasibu akawa anatania kwamba siku hizi foleni ya choo haihusiani na tumbo. Mimi sikulalamika hata siku moja. Ule ubovu ulikuwa unanisitiri.

Mama yangu amelazwa mbali, ana maradhi ya moyo. Kila mchana, saa ya kuona wagonjwa, mama mkubwa humshikia simu tuonane kwa video. Mdogo wetu wa mwisho, tunayemwita Kitinda, alifariki kwa ajali mama akiwa wodini. Daktari alikuwa ametuonya tusimshtue, basi kaka akaamua na familia ikakubali: mama asiambiwe mpaka atoke hospitali. Akiuliza, tuseme Kitinda kasafiri kikazi, huko aliko simu hazishiki. Tulizika, tukarudi kazini. Sikulia. Watu wakanisifu eti nina moyo mgumu. Moyo gani? Nilikuwa nimekufa ganzi, kama mguu uliokaliwa. Nilikula, nilicheka palipochekesha, nilipanga mafaili yangu.

Mama akiuliza mdogo wangu yuko wapi, picha huwa imeganda au sauti inakwaruza, nami nasema, "Mama, mtandao unakata," halafu nakata mwenyewe. Sijaona uongo mwepesi kama huo.

Jumatatu bosi akaleta fundi, mtu mzima mrefu ambaye tulimbatiza Antena hata kabla hajamaliza kutusalimu. Alipita chumba kwa chumba akipima kwa simu yake, akaishia kwenye korido, mbele ya kabati la chuma lenye kufuli, nje ya mlango wa bosi. Akauliza humo mna nini. Bosi akamjibu kwa fahari kwamba ndimo ulimo mtambo wa mtandao. Aliufungia yeye mwenyewe usiibiwe. Antena akasema kwa upole kuwa kweli mwizi hajaingia, ila na mtandao nao umeshindwa kutoka. Tulicheka mpaka mhasibu akashika ukuta. Bosi alibisha weee, mbona kwake unafika, mwisho akatoa ufunguo.

Mtambo ukapandishwa darini, na mwingine mdogo wa kuusaidia ukafungwa juu ya mlango wangu. Nilimwambia Antena asijisumbue, kwangu ni makaratasi tu. Akasema huku ndiko kulikozidi kwa ubaya, yeye haachi kazi nusu. Alikuwa mtu mwema, nami nilimchukia kabisa.

Mchana simu ikaita. Niliiangalia. Nisipopokea atahangaika, na moyo wake hautaki mahangaiko. Nikapokea.

Mama akaja mzimamzima kwenye kioo: mto, mrija puani, mpaka jasho juu ya mdomo. Na kama nilivyomwona ndivyo alivyoniona. Hilo sikuwa nimelifikiria. Leo hakuuliza mdogo wangu yuko wapi. Alinitazama tu, macho yakipita usoni kwangu taratibu, kama anavyokagua mchele kabla ya kuuosha. Nikatabasamu, na tabasamu lenyewe nikalisikia limekaa upande.

"Mama, mtandao..."

"Mtandao mzuri leo," akasema. "Usikate."

Sikukata.

"Kitinda hajawahi kupitisha siku bila kunipigia," mama akasema. "Kaka yako akija hapa anatazama dirisha. Nawe umekonda, macho makavu hivyo. Mmemzika wapi?"

Mlangoni kwangu taa ya ule mtambo mdogo ilikuwa inawaka kijani, haipepesi. Kaka ataniua, nikawaza, na mama atafia mikononi mwa dada yake kwa sababu yangu.

"Pembeni ya baba," nikasema.

Akafumba macho. Nikamsubiri, nikihesabu kifua chake kikipanda na kushuka. Kilipanda, kikashuka, kikapanda. Akafumbua.

"Haya, lia sasa, mwanangu," akaniambia. "Mimi nimeshalia."