Breki ya Mwalimu

Kama kuna jambo lililomchosha Mkunga kuliko zamu za usiku, basi ni kufundishwa gari na mdogo wake wa kiume.

"Polepole, Dada."

"Nakwenda polepole."

"Polepole zaidi."

Polepole zaidi ya pale ilikuwa ni kusimama. Mwanamke mmoja mwenye ndoo kichwani alikuwa ameshawapita, tena akageuka kuwatazama kwa huruma, kama mtu anayeona maiti inapelekwa bila waombolezaji. Mkunga aliuma meno na kushika usukani kwa mikono miwili. Alikuwa mtu mzima, mwenye heshima zake. Nusu ya mji ule aliipokea yeye kwa mikono hiyohiyo, na baadhi ya aliowapokea walikuwa wameshamletea wake zao awazalishe. Leo anapitwa na ndoo!

Mdogo wake alikuwa mwalimu wa udereva. Kigari cha shule, chenye kibao chekundu juu ya paa, kilijulikana mji mzima kwa kuwa ndicho kilichowachelewesha watu kazini. Wanafunzi walimbandika jina la Mwalimu Taratibu, naye akalipokea kama nishani. Aliketi kushoto, mkanda ameufunga, mgongo umenyooka, na chini ya mguu wake kulikuwa na pedali ya breki ya peke yake, ya kumwokoa mwalimu mwanafunzi anapopotewa na akili. Pedali hiyo iliunganishwa na ile ya dereva. Mwalimu akiikanyaga yake, ya upande wa pili nayo inazama.

Haja ya leseni ilianzia ofisini kwa mkuu wa wauguzi. Alimwita Mkunga, akafunga mlango, akamwambia kuwa kule milimani kimefunguliwa kituo kipya cha afya na kinatafuta mtu wa kukiongoza. Nyumba ipo, vitanda vipo, gari lipo. Dereva hayupo wala hatakuwepo. Anayekwenda lazima ajiendeshe mwenyewe, maana mama mwenye uchungu hasubiri basi.

"Nakutaka wewe," mkuu alisema. "Lakini leseni niione kabla mwezi haujaisha. Bila leseni, nampa yule binti wa wodi ya pili."

Binti wa wodi ya pili alikuwa anatafuna ubani mbele ya wagonjwa. Mkunga alitoka pale damu inamchemka. Alikuwa amefanya kazi katika wodi ileile tangu usichana wake, akijua dirisha lipi halifungi na bomba lipi linalia. Wenzake wa rika lake walikuwa wanazungumzia kustaafu na kufuga kuku. Yeye alijiona kama mkate uliosahauliwa kabatini, hauliwi wala hautupwi. Alikitaka kituo kile. Alikitaka mpaka akaona haya, kwa maana si kawaida ya mtu wa umri wake kutaka kitu namna ile.

Mdogo wake alipoambiwa, aliweka kijiko chini.

"Kule? Kwenye kona zile? Kwa umri huu?"

"Umri upi?"

"Mimi sijasema kitu, Dada."

Waliishi pamoja katika nyumba aliyoiacha mama yao. Mama alifariki mdogo huyo akiwa bado mtoto wa kubebwa mgongoni, na Mkunga ndiye aliyembeba, akamlea, akamsomesha. Baadaye alioa, ndoa ikamshinda, akarudi na mabegi yake. Mkewe alisema amechoka kumsubiri aamue mambo.

Basi mafunzo yakaanza, kila siku baada ya zamu. Ukiacha kelele za mwalimu, Mkunga alijiona anaweza. Gia alizijua. Klachi ilimsumbua siku za mwanzo, kisha ikatulia. Na makutanoni, ambako wanafunzi wengine hutokwa na jasho, kwake gari lilipunguza mwendo taratibu na kusimama lenyewe kwenye mstari, bila kushtuka. Aliwatambia wauguzi wenzake chumba cha chai.

"Lile gari linaniheshimu," alisema. "Likiona makutano tu, linasimama."

Laiti angejisikiliza.

Siku ya mtihani mtahini aliingia upande wa mwalimu. Alikuwa mtu mnene, mwenye kofia ya kazi na uso wa mtu aliyeona mengi asiyoyapenda. Mdogo wake akabaki kivulini kando ya uzio. Mkunga akawasha gari, akatazama vioo, akatia gia, akaondoka vizuri kabisa. Wakapita soko, wakapita shule. Mtahini akaanza hata kulegea, akaegemea kiti.

Wakafika makutano ya barabara kuu. Mkunga akalisubiri gari lisimame.

Halikusimama. Akaendelea kulisubiri kwa imani, kama mtu anayemsubiri mgeni aliyeahidi kuja. Mstari ukawa chini ya magurudumu, lori likawa linapiga honi, na mtahini akaikanyaga breki ya upande wake kwa nguvu zote alizojaliwa. Kofia ikaruka ikagonga kioo.

"Mama! Breki iko wapi?"

Mkunga aliinama akaangalia. "Hii hapa."

"Na mguu wako?"

Mguu ulikuwa umeegemea pedali tu, umetulia tuli, kama wa mtu aliyekaa sebuleni kwa watu.

"Nani amekufundisha wewe?" mtahini aliuliza huku akiokota kofia. Hakungoja jibu. "Rudi baada ya wiki mbili. Ujifunze kusimamisha gari. Kuliondoa kila mtu anaweza."

Baada ya wiki mbili mwezi ungekuwa unaishia. Mtihani huo ukimshinda, binti wa ubani angefunga mizigo.

Mkunga alingoja mpaka mdogo wake alipoingia garini na kufunga mlango. Ndipo alipomgeukia.

"Tangu tuanze, breki nimekanyaga mara ngapi mimi mwenyewe?"

Mdogo wake akaanza kufuta kioo cha pembeni kwa kidole.

"Nakuuliza wewe!"

"Ulikuwa unakanyaga... mara mojamoja."

"Mojamoja!"

Sasa alielewa. Kila walipokaribia makutano, yule bwana aliikanyaga pedali yake mapema, kabla dada mtu hajawaza, na pedali ya Mkunga ikazama chini ya wayo wake kana kwamba ni yeye aliyeikanyaga. Naye akajiona fundi. Akatamba mbele za watu! Alitamani kulia na kumpiga mtu kofi, na mtu wa karibu alikuwa mmoja tu.

"Dada, haraka haraka haina baraka."

"Na ngoja ngoja huumiza matumbo! Umeniaibisha. Nimekwenda kwenye mtihani wa serikali sijui kusimama!"

"Nilikuwa nakulinda."

"Nani amekuomba? Vua viatu."

"Nini?"

"Vua viatu, ukunje miguu juu ya kiti. Kuanzia leo hutaweka wayo chini ndani ya gari hili."

"Dada, watu watanionaje?"

"Watakuona umekaa. Vua!"

Ikawa hivyo. Mji ukamshuhudia Mwalimu Taratibu akipitishwa mitaani amekunja miguu kitini kama mtoto aliyewekwa mkekani, viatu vyake amevipakata. Siku ya kwanza Mkunga alikanyaga breki kwa hasira mpaka paji la uso la mwalimu likabusu dashibodi. Siku ya pili alisimama mbali mno na mstari, gari la nyuma likamtukana. Gari likamzimikia mlimani, likarudi nyuma, mwalimu akapiga yowe, muuza machungwa naye akapiga lake. Mkunga alijichukia. Kumbe yote aliyodhani anayajua alikuwa hajayaanza, na kila asubuhi aliiogopa jioni. Lakini jioni ilipofika alikaa kwenye usukani, maana maji ukiyavulia nguo sharti uyaoge.

Kabla ya wiki ya kwanza kwisha, walikuwa wanateremka mteremko wa nje ya mji, lori limejaa mbao likipanda upande wa pili. Mkunga alikuwa ameliona. Mguu wake ulikuwa tayari. Lakini pembeni yake aliona goti linakunjuka na wayo unateremka chini.

Akalipiga goti lile kofi. "Mguu!"

Lori likapita zake salama, na mdogo wake akalipuka.

"Unanipiga mimi? Breki hii nimejifunza kwako!"

"Kwangu mimi? Mimi nimekufundisha gari lini?"

"Simamisha gari."

Akalisimamisha kando ya barabara. Hata kwa hasira zile alikumbuka kuangalia kioo.

"Nilipata kazi ya malori ya safari ndefu," mdogo wake alisema. Sauti yake ilikuwa imepanda na haikujua kushuka. "Unakumbuka? Begi nimeshafunga. Ukasimama mlangoni, ukaninyang'anya begi, ukatoa nguo mojamoja ukazirudisha kabatini. Ukasema, labda nife kwanza mimi."

"Ulikuwa mtoto."

"Nilikuwa na ndevu, Dada!"

Mkunga akaanza kukwangua usukani kwa ukucha.

"Tangu siku hiyo naizunguka mitaa hiihii. Nimefundisha watu wakaenda, wengine wako nje ya nchi huko, wanaendesha. Mimi nikiona gari limeanza kukimbia, mguu unashuka wenyewe. Hata mke wangu aliniambia. Sasa wewe unataka kwenda milimani, tena peke yako, na mimi ndiye nikupeleke ukajifunze kuniacha. Halafu unanichapa goti!"

Akaanza kuvaa viatu, akakumbuka marufuku, akavivua tena kwa kisirani.

Nyani haoni kundule. Mkunga alikumbuka begi lile, la kijani, na alikumbuka alivyojisifu kwa majirani kuwa amemwokoa mtoto. Alikumbuka pia uso wa yule kijana siku ile, ambao tangu hapo hakutaka kuukumbuka. Alitaka kusema kitu. Katika nyumba yao neno samahani halikuwa na mazoea ya kutoka, kwa hiyo aliwasha gari, akarudi nyumbani, na jioni akampakulia nyama nyingi kuliko kawaida. Mdogo wake aliitazama sahani, akaila yote, hakusema asante.

Siku zilizobaki alikaa amekunja miguu bila kuambiwa. Na alifundisha. Kwa mara ya kwanza alifundisha kweli: sasa, bado, sasa, kanyaga kidogo, achia, sikiliza gari. Mara nyingine alifumba macho. Mkunga akimwona amefumba alikasirika zaidi, na hasira ikamsaidia kuangalia mbele.

Mtahini alimkumbuka. Aliingia garini, akaishika kofia kwa mkono mmoja na mpini wa mlango kwa mkono wa pili, akasema, "Twende, Mama, Mungu yupo." Walipofika makutano ya barabara kuu Mkunga alikanyaga breki mwenyewe, mapema, kwa wayo wake aliozaliwa nao, na gari likasimama likayumba kidogo mbele ya mstari. Haikuwa breki nzuri. Mdogo wake angefunga nzuri zaidi. Lakini ilikuwa yake, na alipogeuka kumtazama mtahini aliona ameachia mpini.

Mlimani gari lilimzimikia mara moja. Akavuta breki ya mkono, akawasha upya, akapanda.

"Umepita," mtahini alisema walipogeuza. "Yule mwalimu wako sasa ameshaamka?"

Mkuu wa wauguzi aliiona leseni kabla mwezi haujaisha, kama alivyotaka.

Jumapili jioni Mkunga alikuwa chumbani anapanga nguo za kwenda nazo milimani. Alikuwa na furaha na hofu, hajui ipi ni ipi. Alikwisha kukubali kwamba atakosea huko, atapotea njia, atalala na wasiwasi kwenye nyumba asiyoijua sauti zake. Alikuwa amekubali yote hayo, na akajiona amemaliza.

Mdogo wake akaja akasimama mlangoni.

"Nimeacha kazi pale shuleni."

"Umeacha nini?"

"Kazi. Wale wa malori bado wanaajiri, nilikwenda kuuliza. Wamenipima, wamenikubali. Kesho naondoka na dereva mwenzangu mpaka mpakani, na zaidi."

Mkunga alishika ukingo wa kitanda. Aliona kona, ukungu, matairi yaliyokwisha, madereva wanaosinzia kwenye usukani. Aliona mgongo wa yule bwana, unaomuuma akiketi sana. Mtu mzima na mvi zake, anakwenda kuanza kazi za vijana! Nani atamwamsha? Nani atamwambia ale? Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu, na mkuki ule ulikuwa umemwingia mwenyewe mpaka kwenye mpini. Maneno yalimjia yote kwa pamoja, yale ya zamani, yamejipanga tayari kutoka.

Mdogo wake alikuwa anamtazama, anayasubiri. Mabega yake yalikuwa yameshaanza kushuka.

Mkunga akayameza. Hakuna kitu kigumu alichowahi kumeza kama kile, hata dawa. Macho yalimtoka machozi, akakasirika kuwa yametoka mbele ya mtu. Akachakura katika nguo zake, akavuta sweta yake nzito, ile aliyoinunua kwa ajili ya baridi ya milimani, akamtupia usoni.

"Vaa, usiku malori yana baridi," alisema. "Na usiponipigia simu nitakufuata hukohuko. Leseni ninayo."