Kiti cha Fundi Momi

Hapa kwetu Murano, kisiwa cha mafundi wa kioo, mwanamume mwenye kioo cha moto kwenye bomba la kupulizia haguswi. Anayemdai husubiri mlangoni. Mke aliyemfumania na mwingine husubiri, hata kama anatetemeka. Polisi aliyekuja kumkamata jirani yetu wa ng'ambo ya daraja alisubiri pia, tena akapewa mvinyo, mpaka chupa ikamalizika kuundwa. Kioo hakimngoji mtu. Ukiacha kuzungusha bomba, kinalegea upande mmoja kama kamasi, na kikikudondokea kinachoma mpaka mfupa.

Mwaka ule nilioolewa na Oreste, nilikuwa chumba cha kufungashia. Sisi wanawake tulizungushia bilauri karatasi za magazeti, tukazilaza kwenye majani makavu ndani ya makasha. Mlango wa kwenda tanuruni uliachwa wazi kwa sababu ya joto, kwa hiyo niliona yote.

Fundi Momi alikalia kile kiti tangu kabla ya vita vya kwanza. Kiti chenyewe ukikitazama si kitu, benchi tu la mbao lenye mikono miwili mirefu ya chuma, ambayo fundi hulaza bomba juu yake na kulizungusha. Lakini anayekaa pale ndiye fundi, na wengine humtumikia: huyu anamletea kioo kutoka kwenye moto, yule anampulizia bombani wakati yeye anaunda kwa koleo. Sasa mzee macho yamekwisha, moto umeyala. Tajiri, mwenye tanuru, akasema kiti atapewa yule atakayeunda bilauri ya shina la kusokota, yaani mguu mwembamba unaobeba bakuli, mbele yake, isiyo na kovu. Waliokitaka walikuwa wawili: Duilio, mtoto wa Momi, na Oreste wangu.

Kwa Oreste, aliyetoka kisiwa cha jirani, kukikosa ilikuwa kufukuzwa. Duilio alishamwambia mbele ya watu, "Siku nikikaa pale, wewe unarudi kwenu Burano kuvua dagaa." Nami nilikuwa na mimba ya kwanza, na chumba tulichopanga tulikipata kwa sababu ya ile kazi.

Alianza Duilio. Bakuli la bilauri lilitoka jembamba, zuri, sisemi uongo. Shina likaanza kujisokota. Likiwa karibu kuisha, likalia *tik*, likakatika. Mzee Momi hakuona, ila ule mlio aliujua, akainamisha kichwa. Duilio akabamiza bomba ukutani, akalipiga teke sanduku la chuma linalotupiwa kioo cha mabaki. Madonge yakatapakaa sakafuni, mekundu, yakaanza kufifia. Akatoka nje.

Oreste akachukua kioo. Tita ndiye aliyempulizia, kijana wa mashavu makubwa, wamezoeana kama viatu viwili. Alipofika kwenye shina, Duilio akarudi ananuka grapa, ile pombe kali ya zabibu.

"Wee mla dagaa! Hicho kiti umeshakikojolea?"

Oreste anazungusha bomba.

"Nasema na wewe! Baba yangu amekulisha, leo unamng'oa kitini?"

"Duilio, mwanangu," Momi akasema, "mwenzio ana kioo. Mwache amalize."

"Nitamwacha akiwa maiti, baba."

Akachomoa fimbo ya chuma kutoka mdomo wa tanuru, ncha yake nyekundu kama pilipili, akamkandamiza nayo Oreste mgongoni. Shati likafuka moshi, kisha ikaja ile harufu. Oreste alipiga ukelele kama ng'ombe anayechinjwa, lakini mikono yake haikuacha kuzungusha. Duilio akarudia, safari hii shingoni, chini ya sikio.

"Tita, puliza!" Oreste akapaza sauti. "Puliza, nakwambia!"

Tita akapuliza huku machozi yanamtoka.

Shina likahitaji moto. Oreste akasimama, bomba mikononi, akaligeukia tanuru. Duilio akainua ile fimbo kwa mikono miwili, ampige nayo kichwani. Oreste hakuwa na mkono wa kujikinga nao. Akarusha mguu nyuma, kisigino kikampata Duilio gotini. Goti lile lilivyolia, utadhani mtu kavunja kuni mbichi. Duilio akaanguka kifudifudi, akajizuia kwa kiganja.

Kiganja kikatua juu ya donge.

Lilikuwa halina tena wekundu, limekuwa la kijani kama chupa ya kawaida. Watoto wa huku, kabla hawajajua kutembea, wanafundishwa kwamba kioo kilichoacha kung'aa hakijapoa. Duilio akavuta mkono, donge likaja nao, limeganda kwenye nyama.

"Anaungua wapi?" Momi akawa anapapasa hewani. "Mwanangu anaungua wapi?"

"Mkono, baba! Mkono!"

Mzee akaifuata sauti, akashika ndoo ya maji tunayolowekea vibao vya kuundia.

"Fundi, usimwagie maji!" Tita akalia. "Fundi!"

Mtu amezeeka na kioo, amewafundisha wote waliosimama pale. Akamwaga. Donge likapasuka kama bunduki. Vipande vikaingia kiganjani, kimoja kikamchana mzee shavu. Moshi ulipoisha niliona vidole viwili vya Duilio vinaning'inia kwa ngozi.

"Tita, umesimama unatazama nini?" Oreste akasema. "Shika bomba."

Akakaa kitini. Duilio alikuwa chini, karibu na miguu yake, anajigaragaza na kumwita mama yake aliyekwisha kufa, na damu iliyochanganyika na maji inachemka pale ilipogusa madonge mengine. Oreste akalisokota shina mpaka mwisho. Akabandika kitako, akakisawazisha. Akaikata bilauri kutoka kwenye bomba, akaiingiza tanuri la kupoozea, polepole, kama mtu anayelaza mtoto. Kisha akavua shati, na ngozi ikabanduka nalo.

"Sasa mpelekeni hospitali," akasema.

Asubuhi yake bilauri ilitolewa. Tajiri aliigeuza dirishani, akatafuta kovu, akakosa. "Kiti ni chako," akasema, bila kumtazama.

Oreste akakaa, mgongo umefungwa bendeji. Tita akaegemeza bomba ukutani, akavua aproni yake.

"Mimi sikupulizii."

"Tita."

"Tafuta mwingine."

Oreste akawatazama wengine. Kila mmoja aligeuka.

"Ningefanyaje?" Oreste akauliza. "Mlitaka niache kioo kianguke?"

"Ndiyo," Tita akasema. "Ndicho tulichotaka. Kianguke, umshike mwenzio."

Wakatoka, wakasimama uani. Tajiri akatoa saa yake. "Fundi asiye na mpulizaji ni mtu aliyekaa kwenye benchi," akasema. "Nakungoja mpaka mchana, baadaye nitamtafuta mwingine."

Nilifungua kamba ya aproni yangu ya kufungashia, nikafunga ile ya Tita, ilinipita magoti. Nikavuka mlango. Hakuna mwanamke aliyewahi kuvuka pale, na nilisikia mtu anatema mate uani.

"Mwanamke tanuruni! Tena na tumbo!"

"Toka wewe, utakiua kioo!"

Kipande cha tofali kikanipiga begani. Oreste alikuwa ameshachukua kioo, bomba lipo juu ya vyuma, linazunguka.

"Napulizaje?" nikamuuliza.

"Kama unapoza uji. Nikisema basi, ni basi."

Nikapiga magoti, nikaweka mdomo. Chuma kilikuwa cha moto, kikanibabua mdomo wa chini, ukachanika. Nikapuliza. Kioo kikatuna, kikang'aa, kikawa chembamba kuliko kinavyotakiwa kuwa, kikapasuka, na magamba yake yakamrukia Oreste mikononi. Oreste akatukana, akagonga mabaki yakadondoka sandukuni, akaenda kuchovya bomba tena kwenye chungu cha kioo kilichoyeyuka. Alivyorudi, alisimama akaitazama damu inayonitoka mdomoni.

"Tena," akasema.