Bi Hamda Akikuita, Usiitike

Ghadeer ni mtoto mwenye adabu, siwezi kumsingizia. Alinikuta jikoni asubuhi, akaniamkia shikamoo, akangoja niseme marahaba, akavuta kiti, ndipo akaniambia kwamba Jumatano nitakufa.

Hakunikusudia mimi mwenyewe, Huwaida. Alimkusudia Bi Hamda, mpika kahawa ninayemcheza katika Mapampu ya Nabhan, kipindi cha vichekesho vya ofisini tunachokirekodi hapa Ibra, Omani, juu ya duka la vipuri vya magari. Ghadeer ndiye mwongozaji. Bi Hamda kazi yake ni kugawa kahawa na kuwasema wafanyakazi kwa Kiswahili, kile cha mjini Unguja nilichokuja nacho ningali mtoto. Wao humjibu kwa Kiarabu na kila mtu anacheka. Nikienda Nizwa, watu wazima hunisimamisha sokoni wapate tu kuongea nami lugha ya mama zao. Nimeozesha, nimezika, nimefundisha, lakini sikupata kupendwa na watu nisiowajua mpaka nilipomcheza huyo mwanamke mwenye domo.

Sasa wakubwa wa televisheni huko Maskati wanataka kipindi cha Halowini, ile siku ya Wazungu ya kutishana, eti vijana wanaipenda. Tena wanataka Bi Hamda aondoke, kwa kuwa vijana haohao hawafahamu anachosema. Ghadeer kaua ndege wawili kwa jiwe moja. Bi Hamda atakufa, mzuka wake utarudi ofisini, utawaita wafanyakazi mara tatu. Kwa wazee wetu, ukiitwa na maiti huitiki, maana ukiitika hakuachi tena. Basi wafanyakazi watanyamaza kimya, na mzuka, kwa kukosa wa kumwitika, utakwenda zake moja kwa moja.

Nikamuuliza habari ya maiti kuita kaitoa wapi. Akasema kwa bibi yake wa Sur, marehemu, aliyemlea.

"Walahi si mimi, bibi," akasema. "Wanasema hakuna anayefahamu. Hata mimi, Kiswahili yangu imekwisha khalas. Tangu kufa bibi sijasema neno."

"Na mmoja akiitika?"

"Hapana kuitika. Nimeandika hapana."

Nilihisi uchungu, na sioni haya kuusema. Kufa si kitu, kila mtu atakufa. Lakini kuita kwa lugha yako katika chumba kilichojaa watoto wa watu wako, ukanyamaziwa, ukaondoka, na hiyo ndiyo ikawa shere ya kuwachekesha watu, hapana. Thuwaini, anayemcheza bosi Nabhan, akanipoza. Wazee wake walirudi kutoka Bujumbura, na Kiswahili chake ni cha bara. Akaniambia, mama, hizi ni biashara za televisheni, we kubali tu yaishe. Nikamwambia mkataa kwao mtumwa, akaona bora akatafute chaja ya simu.

Nikaapa kimoyomoyo kwamba Bi Hamda haondoki. Namna ya kumzuia sikuwa nayo bado.

Jumatano madirisha yalizibwa vitambaa vyeusi, maana hata kutishana tunatishana saa za kazi. Mifupa ya plastiki iliketishwa kwenye kiti cha mhasibu. Yaliletwa maboga kutoka Sinaw, mazuri, mazito, wakayatoboa macho na meno na kutaka kuitupa nyama yake. Hilo sikulivumilia. Nikaikusanya yote, nikaiteleka kwa tui la nazi na hiliki, na mle jikoni, nikikoroga, nikamkumbuka mama yangu.

Kwetu mtoto akiitwa na mkubwa haulizi kuna nini. Anaitika kwanza, sababu ataijua mbele. Mama akiniita nami nimo usingizini, ulimi uliitika kabla ya macho kufumbuka. Nikaweka mwiko chini. Ghadeer kaandika mwiko mmoja wa bibi yake, wa kutomwitika maiti, kasahau kwamba bibi huyohuyo alimpandikiza mwingine, nao ulitangulia.

Nikapakwa unga usoni, nikafunikwa shuka jeupe, nikawekwa nyuma ya mlango wa jikoni. Hood, mpiga picha, akawasha kamera. Wafanyakazi wakajibanza chini ya meza.

Nikaita mara ya kwanza, "Nabhan." Thuwaini akauma meno, akanyamaza. Nikaita mara ya pili, nikaikoromesha sauti kama walivyotaka. Kimya. Vizuri sana, kila mtu anafuata alivyoelekezwa.

Mara ya tatu sikukoroma. Niliita kama anavyoitwa mtoto anayecheza nje na chakula kimeshapakuliwa, taratibu, jina ukalivuta mwisho.

"Ghadeer. We Ghadeer, mwanangu. Umekula?"

"Labeka, bibi," sauti ikatoka nyuma ya kamera. "Bado. Naja."

Alikuwa ameshainuka. Vile vidude vya kusikilizia vilimwanguka shingoni, naye kaja mbele ya kamera akiuelekea mlango wangu, na Hood, kwa mazoea ya kazi, akamgeuzia kamera. Ndipo alipojisikia alichokisema. Akasimama katikati ya ofisi na mkono mdomoni, akaanza kulia.

Nilitaka kushinda, sikutaka kumliza mtoto. Nikatoka na shuka langu nikamshika, na unga wa usoni ukamwingia begani. Akasema sauti ile hajaisikia tangu ana miaka kumi. Nikamwambia si sauti ya bibi yake, ni yangu, ila zote zimetoka nyumba moja. Chini ya meza hakuna aliyecheka.

Baadaye akajifuta macho, akajitia uongozi tena.

"Yalla, turudie. Mara hii umwite Nabhan zote tatu, bibi."

"Huo mwiko ulioandika unasemaje? Mtu akimwitika maiti?"

Akaniangalia, akaiangalia ile mifupa kwenye kiti cha mhasibu kama itamsaidia.

"Haondoki," akasema.

"Basi."

"Nitawaambia nini Maskati?"

"Waambie Bi Hamda kakuita, nawe ukaitika."

Kisha akamwambia Hood asifute kitu, kipindi kitaishia hapo hapo alipoitika, na simu ya Maskati ataipiga mwenyewe mchana huohuo. Nikalivua shuka, nikarudi jikoni kupakua. Akanifuata, kwani nilikuwa nimemuuliza kama amekula, na kweli alikuwa hajala.