Majibu Yaliyopangwa kwa Itifaki

Dainess alinipigia simu kwa furaha. "Shikamoo mama Honorata. Tumekaribia mwafaka, umebaki wewe tu!"

Mimi ni mkunga wa zahanati ya ufukweni mwa ziwa, katika kijiji kisicho na barabara. Dainess ni mtafiti aliyehamishiwa Kigoma kutoka Mbeya. Alikuwa akituuliza wataalamu, kila mtu kwake, kwa karatasi: mjamzito aliyewahi kujifungua kwa kupasuliwa asubiri uchungu kijijini, au aende mjini mapema? Mwongozo ungefuata majibu yetu, na wengi wakisema wasubiri, mimi ndiye ningewaambia hivyo wanawake wangu.

Duru ya kwanza tuligawanyika. Kisha akatutumia matokeo, itifaki imezingatiwa: Daktari Pastory juu kabisa, kasema wasubiri, na sisi wakunga mkiani. Duru ya pili wote isipokuwa mimi wakamfuata daktari.

"Huo si mwafaka, ni heshima," nikafoka kwenye simu. "Na sababu zetu ziko wapi?"

"Nilizitoa, mama, karatasi isiwe ndefu."

"Basi zirudishe, uondoe majina! La sivyo jina langu lifute kabisa."

Nilisikia akipekua karatasi zake. Kisha akasema, "Nimekuelewa, mama. Tutarudia."

Karatasi mpya ilikuja na sababu tu, bila majina. Yangu niliiona: upepo ukichafuka, hakuna mtumbwi unaotoka, uchungu uwe umeanza au la. Nikatabasamu. Chini yake mwingine kaandika: "Wanaokuja mapema hawana pa kulala. Wanalala kwenye veranda ya hospitali, kisha wanarudi kwao."

Hilo lilinigusa. Mimi nina dada anayeishi Katubuka, nikienda mjini nafikia kwake, sikuwahi kuwaza hilo. Nikaandika: waende mapema, ila kwanza pawe na nyumba ya kusubiria.

Matokeo ya mwisho Dainess alinisomea mwenyewe. Karibu wote walisema hivyo hivyo: mapema, na nyumba iwepo. Nani kabadilika, sikuuliza. Nilikaa kwenye benchi la zahanati nikalia kwa faraja, wagonjwa wakinitazama.

Nyumba ya kusubiria ilipofunguliwa mjini, Frida alikuja kliniki na kovu lake la upasuaji na mimba ya miezi minane.

"Frida, safari hii utangulie mjini."

Akainamisha kichwa. "Sawa, mama." Ile sawa ya mtu asiyekwenda popote.

"Kuna kitanda," nikamwambia. "Na jiko."

Akainua uso. "Kweli? Basi naenda kesho."