Kikomo cha Sekunde Sitini

Jumatatu asubuhi, fundi wa kompyuta wa hospitali alimaliza kazi chai yake ikiwa imeshapoa mezani. Tovuti ya kuombea miadi ilikuwa ikienda kwa kudra tu, hakuna aliyejua inakwama wapi. Seva yake, kompyuta inayoiendesha, haikukodiwa kwa watu wa nje. Ilikuwa hapo hapo hospitalini, kwenye iliyokuwa stoo ya mashuka, ikinguruma chini ya kiyoyozi. Sasa fundi alikuwa ameiwekea programu ya kuipima: imeelemewa kiasi gani, inachukua muda gani kumjibu mtu, na maombi mangapi yamepotea bila jibu. Ombi likingoja zaidi ya sekunde tano, kengele ingelia.

Alipoiwasha tu, kengele ikalia. Akaenda stoo kuangalia seva, akawakuta wamekaa.

Walikuwa kama ishirini, wameegemea ukuta, kila mmoja na simu mkononi, na kwenye kila simu kile kiduara cha kungoja kinazunguka. Hao ndio walioomba miadi wakafa kabla tovuti haijawajibu. Programu ilikuwa imeanza kuwahesabu, nao wakaona ni heri waje wahesabiwe vizuri. Msafishaji alishafika na ndoo yake.

"Nyanyueni miguu jamani, nipige deki," alisema. Wakanyanyua.

Wanasema majuto ni mjukuu. Ya fundi yalikuja yakiwa shangazi. Alikaa kwenye kona, karibu na nyaya, huyo dada wa baba yake aliyemlea tangu hajui kufunga kamba za viatu. Siku zake za mwisho alimpigia simu mara kwa mara kumwambia kifua kinambana na tovuti yao inazunguka tu. Fundi, mtu wa haraka, alimjibu kwamba mtandao wake ndio mbovu, azime simu aiwashe. Shangazi akaizima, akaiwasha. Alikuwa mtu wa kufuata maelekezo.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Mbona umekonda? Huli?"

"Nakula."

"Baridi ya humu itatuua," alisema shangazi, na mzee wa pembeni yake akacheka mpaka akapaliwa.

Fundi akachuchumaa. "Haikuwa simu yako, shangazi. Ilikuwa seva yetu. Nisamehe."

"Nilijua si simu. Lakini ulikuwa na kazi nyingi, nikaona nisikusumbue."

Fundi akamwita mkurugenzi. Mama huyo alikuja, akawasalimu waliokaa, akaomba radhi kwa kukosekana viti, akaagiza mabenchi yatolewe kwenye korido. Kisha akamvuta fundi kando.

"Wakaguzi wanakuja Alhamisi. Hiyo kengele itatuaibisha."

"Italia mpaka tupate seva ya pili, bosi. Hii imezidiwa."

"Seva ya pili haimo kwenye mipango. Hizo sekunde tano nani alizipanga?"

"Mimi."

"Basi zipangue."

Fundi alijua ni kosa, na alijua angeweza kukataa. Lakini mkataba wake ulikuwa ukingoni, na mkurugenzi ndiye mwenye kalamu. Akafuta tano, akaandika sitini. Kengele ikanyamaza. Skrini nzima ikawa ya kijani, ikapendeza macho, naye akajichukia tangu saa hiyo.

Wakaguzi walikuja, wakapita katikati ya mabenchi wakisema "samahani wazee, samahani mama," wakapiga picha ya skrini. Mmoja alisema hajaona hospitali yenye mfumo mzuri namna hii. Mkurugenzi akampigia fundi makofi mbele ya watu wote, na wafu wachache, kwa heshima tu, wakapiga pia.

Ijumaa fundi alikuwa akipunguza ubaridi wa kiyoyozi, angalau hilo, mlango ulipofunguka. Akaingia mwanamke kijana, mjamzito, simu mkononi, kiduara kikizunguka, akauliza kama hapa ndipo pa kungojea. Kwenye skrini, mstari wa maombi yaliyopotea ukapanda kidogo, kijani kama mingine. Kengele haikulia.

Shangazi akajisogeza kwenye benchi, akampa nafasi.

"Kaa, mwanangu, usiogope," alisema, akimwonyesha fundi kwa kidevu. "Yule pale ndiye anayeshughulikia. Nimemlea mimi mwenyewe."